Diploma Yenye GPA ya Kawaida: Namna ya Kufika Shahada ya Biashara

Kila dirisha la udahili linapokaribia, kuanzia Julai hivi, vijana wa Mlali, Kipera na vijiji vya juu kuelekea Mgeta huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Nimemaliza diploma ya biashara, GPA yangu si kubwa. Mzumbe watanichukua?" Wazazi nao huja kwa niaba ya watoto wao, mara nyingi wakiwa wameshauza matenga ya nyanya ili pesa ya kuanzia iwepo. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, lisomwe na yeyote mwenye swali hilo, awe anaitazama Mzumbe au chuo kingine.

GPA ya kawaida haifungi mlango. Nimewaona vijana wenye 3.1 wakiingia na kumaliza vizuri, na nimewaona wenye 3.6 wakikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya karatasi moja iliyochelewa. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi hata kwenye chuo kimoja, jua uko kundi gani.

Kwanza: namba inayoamua

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kiwango cha chini kwa anayeomba shahada akiwa na stashahada ya kawaida, yaani NTA ngazi ya 6:

- GPA isiyopungua 3.0, na
- ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, kuanzia D kwenda juu.

Hapa wengi hujikwaa. Kwenye cheti cha NTA ngazi ya 6, daraja la pili la chini linaanzia 2.7 na kuishia 3.4. Kijana anapokea cheti kimeandikwa daraja la pili, anafurahi, nyumbani wanachinja kuku, kumbe GPA ni 2.8. Amefaulu diploma kihalali kabisa, ila sifa ya kuomba shahada moja kwa moja hana. Usitazame daraja, tazama namba. Wala usitegemee 2.9 na vijisenti vyake isogezwe iwe 3.0.

Sasa jipange:

1. Bado unasoma diploma: anza na sehemu inayofuata, ndiyo yako.
2. Umemaliza, una 3.0 hadi 3.4: unaomba moja kwa moja, ila uchague kwa akili.
3. Umemaliza, uko chini ya 3.0: ipo njia ya kuzunguka, inachukua muda, na ni halali.

Bado uko chuoni? Pigana sasa

Diploma ikishatunukiwa, GPA haibadiliki. Hakuna kurudi kurekebisha somo moja. Kwa hiyo mwenye nafasi kubwa kuliko wote ni yule ambaye bado ana muhula mbele yake, na kwa bahati mbaya ndiye asiyeuliza.

GPA haihesabiwi kwa kujumlisha madaraja na kugawa kwa idadi ya masomo. Kila somo lina krediti zake. Katika ngazi ya 6, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa krediti, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya krediti. Chukua mfano huu wa kufundishia, wa muhula wenye masomo matano:

- Uhasibu, krediti 12, C: pointi 24
- Masoko, krediti 9, B: pointi 27
- Takwimu, krediti 9, C: pointi 18
- Ujasiriamali, krediti 6, A: pointi 30
- Stadi za mawasiliano, krediti 6, B+: pointi 24

Jumla ni pointi 123 kwa krediti 42, yaani 2.9. Kukamilisha 3.0 zilihitajika pointi 126. Kijana huyu ana A moja na B+ moja, ukimwona unasema yuko vizuri, lakini amekosa sifa ya chuo kikuu kwa pointi tatu. Angepandisha Uhasibu kutoka C hadi B tu, angeongeza pointi 12 kwa mkupuo na kupata 3.2. Kupandisha Mawasiliano kutoka B+ hadi A kungempa 6. Jitihada ni ile ile, malipo ni nusu.

Kwa hiyo:

- Nenda ofisi ya taaluma, uliza krediti za kila somo la muhula huu. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.
- Muda wako mwingi uende kwenye masomo mazito. Kwa kozi za biashara, mara nyingi ni uhasibu, hesabu za biashara na takwimu, yale yale tunayoyakimbia.
- Pigania alama za kazi za darasani na majaribio. Hizo unaziona kabla ya mtihani wa mwisho, na ukikuta zimekosewa unaweza kulalamika mapema.
- Ogopa sapu. Vyuo vingi havimpi aliyerudia mtihani zaidi ya C, hata akiandika vizuri namna gani. C ni pointi 2, na wewe unatafuta wastani wa 3. Kila sapu moja inadai somo lingine la kulifidia.

Utaniambia, "Nafanya kibarua cha shamba wikiendi, muda sina." Najua. Msimu wa nyanya haumsubiri mtu, na nyumbani wanakutegemea. Basi kaa na wazazi mkubaliane wiki tatu kabla ya mtihani, hizo tu, usiende bondeni. Mzazi akielezwa kuwa krediti 12 za Uhasibu ndizo zinazoamua kama mwanawe ataenda chuo kikuu, wengi huelewa.

Una 3.0 hadi 3.4: chagua kwa akili

Kiwango cha TCU ni sakafu. Chuo kinaweza kuweka juu zaidi kwa kozi fulani, na hata kisipoweka, waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi wenye GPA kubwa hutangulia. Kwa hiyo uchaguzi wa kozi ndio unaokubeba au kukuangusha.

TCU hutoa miongozo miwili ya udahili kila mwaka: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi. Soma huo wa pili. Nimeona vijana wakisoma wa kidato cha sita, wakakutana na masharti ya masomo ya tahasusi, wakakata tamaa bure. Ndani ya huo wa stashahada, kwa kila kozi unayoitaka, angalia vitu vitatu:

1. GPA inayotakiwa kwa kozi hiyo, si ya chuo kwa ujumla.
2. Aina ya diploma inayokubalika. Diploma ya uhasibu, ununuzi, masoko, benki au utawala wa biashara zina nafasi nzuri. Mwenye diploma ya fani nyingine asome mstari kwa mstari.
3. Sharti la kidato cha nne. Kozi za uhasibu na fedha mara nyingi huitazama Hisabati. Kama ulipata F, usijifanye hukuona.

Kuhusu Mzumbe, kwa kuwa ndiyo iliyo mlangoni petu: ukishuka na barabara ya Langali hadi Sangasanga, chuo hakiko mbali. Lakini ukaribu hauna alama. Mtoto wa Mlali anapimwa sawa na wa Kagera. Faida ya ukaribu ni kwamba unaweza kwenda mwenyewe ofisi ya udahili ukauliza, badala ya kusikia kwa mtu. Ina kozi za utawala wa biashara, uhasibu na fedha, na ununuzi, na ushindani wa uhasibu si sawa na wa nyingine. Mwenye 3.1 anayeomba uhasibu peke yake anajiweka pabaya. Aombe uhasibu, na aombe pia utawala wa biashara.

Wala usikae na chuo kimoja. Hapa Morogoro pekee kuna SUA, ambayo ina shahada ya uchumi wa kilimo na biashara ya mazao, na mtoto wa mkulima wa mbogamboga angeitazama kwa makini zaidi kuliko tunavyofanya. Nje ya mkoa kuna Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, kuna Taasisi ya Uhasibu, kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Hivi navyo hutoa shahada na huchukua wenye diploma. Wazazi wengine huvidharau kwa sababu havina neno "kikuu" kwenye jina. Shahada ya huko inatambulika, na waajiri wa mambo ya fedha wanavifahamu vizuri.

Uko chini ya 3.0: njia ya kuzunguka

Usiombe moja kwa moja ukitegemea huruma. Mfumo unasoma GPA yako kabla mtu hajakuona, na ada ya maombi hairudi. Fikiria njia hizi:

- Programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Hii ndiyo ninayowashauri wengi. Inampokea mwenye diploma ya GPA isiyopungua 2.0. Unasoma masomo sita ya msingi, na unatakiwa umalize na GPA ya 3.0, pamoja na C au zaidi katika masomo matatu ya kundi lako, ambalo kwako ni la biashara. Ukifaulu, TCU inakutambua kuwa na sifa ya kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria kina kituo mjini Morogoro, na masomo unayafanya ukiwa nyumbani, kwa hiyo kibarua kinaendelea. Ugumu wake ni huo huo wa kusoma peke yako bila kengele wala mwalimu wa kukufuata. Tafuta wenzako wawili watatu mjisomee pamoja.
- Kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inafaa kwa mwenye krediti tatu, yaani C tatu au zaidi, za kidato cha nne. Unatafuta ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Sikushauri kama hesabu na uchumi vilikusumbua diploma, maana huku si rahisi zaidi.
- Mtihani wa RPL, unaosimamiwa na TCU kwa watu waliopata maarifa yao kazini. Ni kwa mtu mzima aliyekaa kwenye shughuli miaka, si kwa kijana aliyemaliza chuo juzi.

Onyo moja kubwa: chuo kikikuambia kina kozi yake ya maandalizi ya kukuingiza shahada, kwanza fungua mwongozo wa TCU. Iliyotajwa humo ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Usilipe ada ya mwaka mzima kwa cheti ambacho hakitakuvusha.

AVN na majina: hapa ndipo wenye sifa wanapokwama

Mwenye diploma haombi shahada kwa kupeleka picha ya cheti. Anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET, lile baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Unaiomba mtandaoni, lakini haitoki mpaka chuo chako kiwe kimewasilisha matokeo yako. Wapo wanaomaliza Julai, chuo kinachelewa kuwasilisha, awamu ya kwanza ya udahili inafungwa wakiwa bado wanasubiri.

Fanya hivi mapema:

- Kabla hujaondoka chuoni, uliza ofisi ya taaluma matokeo yanawasilishwa lini. Andika jina na simu ya ofisi. Baada ya hapo piga kila wiki. Si usumbufu, ni haki yako.
- Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha diploma. Kwetu kijana anaweza kuandikishwa kwa jina la baba shuleni, na chuoni akaongeza la babu. Herufi moja tu, Rashidi na Rashid, inatosha kukusimamisha. Rekebisha ukiwa bado mwanafunzi.
- Lipa deni la ada. Vyuo vingi havitoi cheti wala transkripti kwa mwenye deni, na wakati wa udahili ndipo deni la laki moja linapogeuka kikwazo cha mwaka mzima.

Siku ya kuomba

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi hupelekwa kwenye chuo chenyewe, hayapitii tena mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Kila chuo kina mfumo wake na ada yake.

1. Andaa namba ya mtihani ya kidato cha nne pamoja na mwaka, AVN, cheti cha kuzaliwa, barua pepe unayoikumbuka nenosiri lake, na namba ya simu yako mwenyewe.
2. Lipa kwa kontroli namba inayotoka kwenye mfumo wa chuo cha serikali, au akaunti rasmi ya chuo binafsi. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie pesa "akusaidie nafasi", huyo ni tapeli. Nafasi haziuzwi.
3. Omba vyuo vitatu: kimoja unachokitamani, kimoja kinacholingana na GPA yako, kimoja ambacho una uhakika nacho.
4. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa kwa ujumbe wa simu, ndani ya siku zilizopangwa. Usipothibitisha, unaweza kuikosa nafasi ambayo ulikwishapewa.

Ile ya namba ya simu nairudia, kwa sababu wengi wetu huomba kupitia steshenari za mjini au za pale Mzumbe. Mwenye steshenari, kwa kutaka kukurahisishia, anaweka simu yake na barua pepe yake. Ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwake, naye ana wateja mia. Kaa pembeni yake, soma kila kinachoandikwa, na usiondoke bila nenosiri lako kwenye karatasi.

Ada na mkopo

Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, HESLB, na si kazi ya chuo. Unaombwa kwa kipindi chake, na mara nyingi kijana anasubiri kwanza achaguliwe, ndipo akumbuke mkopo. Anakuta dirisha limefungwa.

- Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA mapema. Kama mzazi amefariki, hakiki na cheti cha kifo.
- Tumia namba ile ile ya kidato cha nne kwenye mkopo na kwenye maombi ya chuo. Aliyerudia mtihani awe mwangalifu sana hapa.
- Fomu inahitaji sahihi ya serikali ya kijiji au mtaa na ya wakili au hakimu. Usiache mpaka siku ya mwisho, mtendaji naye ana safari zake.
- Kama kaya yenu inanufaika na TASAF, sema na uweke uthibitisho. Hakuna aibu hapo.
- Kozi za biashara hazijawa kwenye kundi la mbele kabisa la vipaumbele vya Bodi. Omba, lakini familia iwe na mpango wa muhula wa kwanza hata mkopo usipotoka.

Kwa mpango huo, anayesoma Mzumbe akiishi nyumbani Mlali anaokoa kodi ya chumba, lakini ahesabu nauli ya kila siku, na mvua za masika barabara ya kwetu ikiwa mbaya. Wengine hupanga chumba muhula wa masika peke yake.

Maswali yanayorudi kila mwaka

*Masomo ya diploma yatapunguza miaka ya shahada?* Jipange kuanza mwaka wa kwanza. Video za Marekani zinazoonyesha mwanafunzi akitoka chuo cha jamii na kuingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu zinaeleza mfumo wa kwao. Vilevile usihangaike kuandika insha ya kujieleza kama wafanyavyo wao, hapa wanasoma matokeo yako.

*Mjomba alisoma IDM akatoka na stashahada, akawa bosi.* Ni kweli, na wazee wengi wa hapa bado wanaiita Mzumbe IDM, jina lililoanza 1972 kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001. Lakini ile aliyosoma huenda ilikuwa stashahada ya juu, ambayo ni ngazi nyingine. Usiilinganishe na diploma yako ya miaka miwili.

*Nina F ya Hisabati kidato cha nne.* Rudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. D inatosha kukufungulia kozi nyingi.

*Nikikosa awamu ya kwanza?* Huwa kuna ya pili, na nafasi zikibaki huongezwa nyingine. Tazama kozi zenye nafasi, usirudie kuomba ile ile iliyokwishajaa.

*Nikikosa zote?* Mwaka huo usikae bure. Rudia Hisabati, au anza mitihani ya ngazi za chini ya NBAA kwa upande wa uhasibu au PSPTB kwa ununuzi, au ingia programu ya msingi. Na mzazi, nakuomba jambo moja: usimlazimishe aende kozi yoyote ili mradi aonekane yuko chuoni. Kaeni na mwongozo wa TCU mkononi, pigeni hesabu ya GPA pamoja, kisha mwende naye ofisi ya udahili mkaulize. Ofisi iko wazi siku za kazi, na kuuliza hakulipiwi.